Kanda Iliyoulizwa Jina Lake

Mbagala, Dar es Salaam
14 Julai 2024

Mama yangu,

Shikamoo. Mimi mzima, friji za watu zinaendelea kuharibika na mimi naendelea kuzitengeneza, kwa hiyo riziki ipo.

Muhidini wa botini akikufikishia bahasha hii, ifungue taratibu, ndani kuna kanda. Ndiyo, kanda, ya kutia kwenye redio ya baba, ile kubwa yenye mkono wa kubebea. Dada Ruwaida ameniambia bado inazunguka. Ni kazi yetu ya kwanza, mimi na wenzangu watatu. Bendi yetu tumeiita Magofu, kwa ajili ya yale ya Kua aliyotupeleka baba tulipokuwa wadogo. Tumehangaika nayo miaka mitatu. Tumerekodi kwenye stoo ya magodoro ya mjomba wake mmoja wetu, kwa sababu magodoro yanameza sauti na majirani hawagombi.

Kuna mzungu wa Poland anayetoa kanda za muziki wa namna hii. Wapenzi wake ni wachache, wametawanyika dunia nzima, na wanapenda kanda kuliko simu, usiniulize kwa nini. Ameisikia, ameikubali. Hiyo uliyonayo ni ya majaribio. Nikimtumia mkataba kabla ya Agosti kwisha, anaitoa. Nimewaambia wenzangu kwamba sitii saini mpaka mama yangu aniradhie. Walicheka, halafu wakakubali, maana na wao wana mama zao.

Muziki wenyewe unaitwa black metal. Una kelele kidogo, usishtuke. Sikiliza mpaka mwisho, kisha nipe neno lako. Nimetia na picha yetu. Wa kulia ni mimi.

Mwanao,
Sabri Hilal


Kirongwe, Mafia
23 Julai 2024

Sabri, kama ni Sabri,

Anayesoma barua hii akiwa mwanangu, marahaba. Akiwa ni mwingine, assalamu alaikum, na asome kwa adabu.

Nimeona umepiga simu, nimeona umepiga tena. Sipokei. Kwenye simu mtu ni sauti tu, na sauti yako sasa sijui ni ya nani. Barua inaandikwa kwa mkono, na mkono wako naujua tangu chuoni ulipokuwa mdogo, zile herufi zako zinazolala upande kama zimechoka. Kwa hiyo tutaandikiana, na Muhidini atatuchukulia, mpaka nijue nazungumza na nani.

Sasa sikiliza ulichonifanyia. Miaka mitatu unaniambia, mama naingia studio, mama natoka studio. Mimi nikajua unarekodi kaswida, kwa sauti ile Mungu aliyokupa utarekodi nini kingine? Nimewatangazia watu. Nusu ya Kirongwe wanakuombea dua kwa ajili ya kaswida zako, na wewe hata siku moja hukusema mama, siyo. Kanda ilipofika niliita wanawake. Nikapika visheti, nikachemsha kahawa, nikatandika mkeka mpya. Nikaibonyeza redio ya marehemu baba yako mbele za watu nikiwa nimevaa kanga ya doti mpya, nimekaa kama mama wa bwana harusi.

Ikaanza upepo. Tukasema mashallah, upepo. Kisha akatoka yule.

Mmoja alijimwagia kahawa mapajani. Wengine walisema frimasoni, mtoto wa Hilal kaingia frimasoni, na viatu walivalia njiani. Aliyebaki ni Bi Zuena peke yake. Unamjua Bi Zuena, fundi wa ngoma za mashetani, hakuna kinachomtisha. Aliinamisha kichwa akasikiliza, akala na kisheti, kisha akaniambia, "Mwatima, huyu ni mkubwa. Muulize jina."

Nami sikumbishia, kwa sababu sauti ile naijua. Bibi yako Mwanasiti, mama yangu mimi, hukumkuta. Alikuwa kiti cha pepo. Bwana wake akimpanda kichwani alinguruma vilevile, na mimi msichana mdogo ndiye niliyewekwa kumjibu. Karibu Bwana, watoka wapi Bwana, wataka nini? Alitaka marashi, alitaka halua, mwaka mmoja alitaka shuka ya kijani akatusumbua mpaka ikapatikana Zanzibar. Bibi yako alipokufa, Bwana akabaki hana pa kukaa. Vitu hivi hurithiwa. Nikajiandaa, nikasema atakuja kwangu, mwana wa pekee. Hakuja. Leo ndiyo nafahamu kwamba amenipita akaenda kwa mjukuu. Sikufichi, nimeona uchungu kidogo.

Na hiyo picha. Mmejipaka chokaa na masizi usoni, nani amekufa? Wari wa jando ndio wanaopakwa unga, na wewe jando ulishatoka ukala na kuku. Huyo mwembamba aliye pembeni anakula kweli?

Unataka radhi. Mwanangu, radhi yangu nimpe nani? Nikitamka kwamba nimeridhia, akaidaka yeye, nitakuwa nimemkabidhi mtoto wangu kwa mdomo wangu mwenyewe. Radhi haitolewi kwa mtu asiyejulikana. Njoo nyumbani. Bi Zuena apige ngoma, tumuulize jina lake na haja yake, tumpe, tuafikiane naye. Akishatulia, tia saini zako upendavyo.

Ukijibu, nitajie mlichokula siku baba yako alipowapeleka Kua. Nijue ni wewe.

Mama yako,
Mwatima binti Abubakari


Mbagala
2 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Ni mimi. Tulikula muhogo wa kukaanga na pweza, pweza alikuwa mgumu, na baba akasema pweza huyo ameuona mji wa Kua ukiwa bado una watu. Dada Ruwaida alitapika kwenye boti wakati wa kurudi. Umeridhika?

Samahani kwa visheti. Samahani kwa mkeka. Sikukwambia kwamba ni kaswida, lakini ni kweli, sikukwambia kwamba siyo. Nilikuwa nikisikia furaha yako kwenye simu, basi nikaiacha.

Hakuna Bwana, mama. Kuna koo tu. Nimejifunza kwa video za mtandaoni, kama wengine wanavyojifunza kupika keki. Unabana hapa juu, karibu na kidakatonge, unasukuma pumzi kutoka tumboni, siyo kifuani. Ukisukuma kwa kifua unaumia. Miezi ya mwanzo nilikuwa nakohoa kama mashine ya kusaga, wenzangu wakaninunulia asali. Mtu yeyote anaweza, hata wewe, ni mazoezi.

Chokaa siyo chokaa, ni rangi ya usoni. Ni desturi ya muziki huu, ili mtu asitazame sura, asikilize. Mwembamba ni Ally, mpiga ngoma, na anakula kuliko sote, ngoma zinammaliza. Dini hatujaigusa. Huko Ulaya wapo wa muziki huu wanaotukana dini ya kwao, hayo ni yao. Sisi hatujatia hata neno moja la kumkufuru Mungu, nakuapia. Maneno najua hukuyasikia, hata fundi mitambo wetu hakuyasikia. Nitakuja kukuandikia siku moja. Si muhimu.

Lakini kuja kupungwa, siji. Tafadhali usikasirike, ngoja nikueleze. Nikikaa kwenye ngoma ya Bi Zuena, nitakuwa nimekubali mbele za watu kwamba aliyeimba si mimi. Mama, tangu nizaliwe hiki ndicho kitu cha kwanza nilichokitengeneza mwenyewe mpaka kikaisha. Nikimpa pepo, mimi nitabaki na nini? Afadhali mniite frimasoni.

Nipe radhi mimi. Tarehe inakuja na mzungu ameshauliza mara mbili. Usiponipa sitatia saini, nilishasema na siwezi kugeuka. Lakini nipe.

Mwanao, yuleyule,
Sabri


Utende
12 Agosti 2024

We Sabri,

Shikamoo yako nimeshaiitikia, tusipoteze muda. Mama ameniapisha nisikupigie simu wala kukutumia ujumbe. Kuandika barua hakukutaja, kwa hiyo nimekaa hapa mapokezi, wageni wote wamekwenda kuogelea na papa potwe, bosi anadhani naandika hesabu za vyumba.

Umemkatalia kuja. Vizuri, umekataa. Sasa ujue kilichofuata. Bi Zuena amesema kiti kikigoma si neno, maadamu sauti ipo. Alhamisi nilikuwa Kirongwe, nikajikuta nimo.

Walikiweka kigoda chako uani, kile cha miguu mifupi. Juu ya kigoda wakaweka redio. Kisha mama akaingia ndani akatoka na kanzu yako ya Idi, akaivisha redio. Sabri, wallahi redio ya baba imevaa kanzu, kola imekaa kwenye mkono wa kubebea, na spika mbili zinachungulia kwenye kifua kama macho. Ubani ukafukizwa. Chano kikaletwa, kina halua, marashi, mayai na ndizi. Mimi nikapewa kazi ya kubonyeza.

Bi Zuena akauliza, "Karibu Bwana, ulikotoka ni kwema? Jina lako nani?" Mimi nabonyeza. Wewe unanguruma. Mimi nazima. Bi Zuena anasema, "Sijakupata vizuri, Bwana. Rudia." Mimi narudisha nyuma, nabonyeza. Unarudia vilevile, neno kwa neno, pumzi kwa pumzi, na Bi Zuena anakunja uso, maana hajapata kuona pepo asiyebadili kauli. "Wataka nini?" Nabonyeza, ngoma za Ally zinaanguka kama nazi juu ya bati. "Wataka kuku?" Gitaa. "Mweusi au mweupe?" Kimya, kumbe ndipo wimbo ulipoishia. Nilijing'ata ulimi mpaka machozi yakanitoka, wakadhani na mimi pepo ananipanda.

Nilicheka, lakini mama hakucheka. Na hili ndilo lililonifanya nikuandikie. Mama alikuwa anayasikia maneno. Mimi nasikia mashine tu, sipati hata herufi. Yeye midomo yake ilikuwa inakufuata. Hilo sikio la kukaa na pepo wa bibi tangu utotoni, sijui. Tulipogeuza upande wa pili, wimbo wa pili, alinishika mkono nisizime. Bi Zuena akauliza tena jina na mama akamwambia, "Nyamaza kidogo, Zuena, mtoto anasema."

Mwisho Bi Zuena akaweka kibuyu chake chini. Akasema, "Mwatima, hapa hapana mtu wa kwangu. Pepo akiulizwa hujibu, hata kwa matusi. Huyu hajibu, anauliza yeye. Na pepo hulia kwa sababu anataka kitu. Huyu analia tu. Huyu ni mwanao." Kisha akala halua yake, akachukua marashi na mayai kwa kuwa kazi ameifanya, akaenda zake.

Nikamwambia mama, si habari njema hiyo, kwamba si pepo? Akaniangalia. Akasema, "Pepo ningejua la kumfanya."

Ami Ridhwan alikuja alasiri, ameshasikia. Akasema hiyo ngoma ni bidaa na hiyo kanda ni haramu, ivunjwe. Mama akamjibu kwamba redio ni ya Hilal na kanda ni ya mwana wa Hilal, na kama shemeji hana jingine, chai imekwisha. Tangu hapo mama hasemi na mtu. Nimempigia jana, anaitikia ndiyo na hapana, na nyuma yake nakusikia wewe unanguruma.

Umeimba nini mle ndani, Sabri?

Dada yako,
Ruwaida


Kirongwe
15 Agosti 2024

Sabri,

Nimeandika jina lako bila shaka mara hii. Bi Zuena amesema si pepo, na mimi nimeamini, na sina raha.

Mwezi huu mzima nilikuwa nimefadhaika lakini nilijua njia. Pepo ana njia yake. Unamkaribisha, unamuuliza, anakutajia marashi na halua na shuka, unatafuta, unampa, mnamalizana. Hata akiwa mkali vipi, kuna siku anashiba. Sasa nimeambiwa hamna pepo, ni mwanangu. Mwanangu nimpe nini? Nimekaa na chano kitupu mbele yangu, sijui nitie nini.

Umesema maneno siyasikii. Nayasikia. Mengine yananipotea kwa ajili ya huyo Ally, lakini mengi nayapata. Betri zimekwisha nimenunua nyingine. Upande wa pili, wimbo wa pili, unasema: walinisifu nikasoma, wakalia wakaenda zao, mimi nani aliniuliza. Nimesikia sawasawa? Unalisema mara nyingi, na kila mara ya mwisho sauti inakatika kama kamba.

Nani alikusifu? Nani hakukuuliza? Nimefikiri ni mwanamke, nikaona hapana. Nimefikiri ni kazini. Nimechanganyikiwa, Sabri, nazi zinaungua jikoni na mimi nimesimama.

Usiniandikie habari za koo.

Mama yako


Mbagala
21 Agosti 2024

Mama,

Shikamoo. Nimeanza barua hii nikaichana, nikaanza tena. Ally ameniambia niandike tu, mama yake yeye hajasikiliza hata wimbo mmoja, na wangu ananunua betri.

Umesikia sawasawa.

Siku baba alipofariki mimi ndiye niliyesoma. Unakumbuka, walimu walikuwepo, lakini Ami Ridhwan alinishika bega akasema asome mtoto, sauti yake itamfaa baba yake. Nikakaa kichwani kwa maiti nikasoma Yasin mpaka mwisho. Sikutetemeka. Watu walilia, wanaume wazima wakageuza nyuso. Nilipomaliza Ami akasema, hili dume, halikutoa hata chozi. Wote wakanisifu. Nilikuwa bado nalala na taa.

Halafu wakaanza kuniita. Kila msiba, kila khitma, Baleni, Kilindoni, wakaja hata wa ng'ambo ya Juani, leteni mtoto wa Hilal asome. Nami nikawa naenda. Nasoma, wao wanalia, wanapata nafuu, wananishika kichwa, tunakula pilau, narudi nyumbani. Mama, ile sauti nzuri unayoililia ikawa ya watu. Kila nikiifungua kinywani naliona jeneza la mtu. Ya kumlilia baba yangu sikuwa nayo. Niliitafuta, wallahi. Nilikuwa nakwenda shambani chini ya minazi nafungua mdomo, inatoka Yasin, tena kwa tajwidi.

Nilipokuja huku, Ally alinisikilizisha muziki huu kwenye simu yake yenye kioo kilichopasuka. Lugha yenyewe siijui, ni ya watu wa barafu. Nikasikia mtu mzima anapiga kelele na hakuna anayemwambia jikaze. Nilikaa chini sakafuni, friji ya mteja iko wazi inavuja. Nikasema, kumbe inaruhusiwa.

Umeniuliza unipe nini. Sijui, mama. Sidhani kama nataka kitu. Nilitaka nilie kwa nguvu zangu zote mahali ambapo hakuna atakayenisifu. Nikaita watu, tukanunua gitaa, ikawa albamu. Sijui kama kuna maana. Nimekueleza na bado mimi mwenyewe sielewi vizuri.

Na yule ninayemuuliza kwenye wimbo, sijui ni nani. Baadhi ya siku ni Ami. Baadhi ya siku nadhani ni wewe, na nikishadhani hivyo naona haya, kwa sababu wewe ulikuwa ndani. Nisamehe.

Mwisho wa mwezi umekaribia. Ukisema hapana, ni hapana.

Sabri


Kirongwe
27 Agosti 2024

Mwanangu Sabri,

Marahaba. Barua yako nimeisoma uani, nikaisoma jikoni, nikaichukua mpaka shambani chini ya minazi ile uliyoisema. Nikasimama pale nikaona aibu ya minazi, kwamba yenyewe ilijua na mimi sikujua.

Nikwambie na mimi nilikokuwa. Siku ile walinitia chumbani na kanga kichwani, nimekuwa kizuka wa eda, mlango ukafunikwa pazia. Wanawake walinikalia pande zote, kila nikifungua kinywa wananiambia, usimlilie, unamuadhibu. Nikakusikia ukutani. Nikasikia unavyokwenda, aya kwa aya, hujikwai. Nikasema alhamdulillahi, mmoja wetu anaweza. Nikauma kanga nisije nikakuharibia kisomo. Kumbe tulikuwa tunajikaza sote, wewe nje, mimi ndani, kila mmoja anamwogopea mwenzake. Eda ikaisha, watu wakasema Mwatima ana subira. Na mimi nikasifiwa, Sabri. Sikuulizwa.

Umeandika kwamba mtu yeyote anaweza, hata mimi. Nikaona nijaribu. Jumamosi baada ya adhuhuri nimechukua redio, nimeingia stoo ya nazi, nimefunga mlango. Dirishani nimejaza magunia, maana umesema magodoro yanameza sauti na mimi magodoro sina ya kuchezea. Nikafanya kama ulivyoelekeza. Nikabana juu. Nikasukuma kutoka tumboni. Kikatoka kikohozi. Nikajaribu tena, ikatoka sauti ya mbuzi. Nikajicheka peke yangu, mwanamke mzima mwenye wajukuu, kwenye vifuu vya nazi, ananguruma.

Kisha sijui nilibana wapi. Ikatoka. Haikufanana na yako, wala na ya Bwana wa bibi yako. Ilikuwa ya kwangu na ilikuwa inamwita Hilal. Ikamwita mpaka nikakaa chini juu ya vifuu, na hakukuwa na mtu wa kuniambia namuadhibu. Ami yako Ridhwan alikuja mbio na panga, akidhani nimeingiliwa na mwizi. Nikamfungulia mlango uso umelowa. Nikamwambia, niache, nipo mazoezini. Akasimama pale na panga lake. Kisha akakaa kizingitini, akavua kofia, na sikumuuliza kwa nini, ila hakuondoka mpaka alasiri.

Nilikuwa nimebonyeza kile kitufe chekundu. Kwa hiyo imo, mwisho wa upande wa pili, pale palipobaki patupu. Muhidini anakuletea kanda yako. Ukitaka futa. Ukitaka wasikilizishe wenzio. Mkiona inafaa kwenye kazi yenu, itieni, lakini msiandike jina langu, andikeni mama yake tu. Kirongwe wamesema vya kutosha.

Sasa radhi. Nilisema haitolewi kwa asiyejulikana, na nimeshakujua. Nimekuridhia, Sabri bin Hilal, nimekuridhia duniani na akhera, wewe na koo lako. Tia saini.

Kuelewa, bado sijaelewa. Sielewi kwa nini mjipake masizi. Sielewi huyo mzungu wa Poland anapenda nini na Kiswahili hajui. Wimbo wa nne ni mrefu mno, unachosha, na Ally apunguze mbio, hakuna anayemfukuza. Bi Zuena anauliza kama mnapiga harusini, mjukuu wake anaolewa mwezi wa kumi. Nimemwambia nitakuuliza, basi nimekuuliza.

Barua zimetosha. Ukishasoma hii, piga simu. Nitapokea, kwa sauti yoyote utakayokuja nayo.

Mama yako,
Mwatima